UZI: "Kobe wa majini wasiokua" wanakua. Baridi ya Mbeya na Iringa ndiyo inayotudanganya

#1 Fundi_Matangi (Mbeya)

Salaam wakuu.

Swali hili limekuwa likiulizwa vipande vipande kwenye mada za samaki wa mapambo, nimeona tulifungulie uzi wake. Kuna kobe wa majini wanaouzwa wakiwa na ukubwa wa sarafu: gamba la kijani, mistari ya njano, na alama nyekundu nyuma ya kila jicho. Wanauzwa pamoja na kibeseni cha plastiki chenye kisiwa katikati na mnazi wa bandia. Maelezo ya muuzaji ni yale yale: "hii ni aina ndogo, haizidi hapa, inaishi humo humo."

Aina hiyo haipo. Huyo ni Trachemys scripta elegans, asili yake ni bonde la mto Mississippi huko Marekani. Akitoka kwenye yai gamba lake lina sentimita 3 hivi. Dume hukomea kati ya 15 na 20, jike hufika 25 hadi 30. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 20 hadi 40. Anayeuzwa kwenye kibeseni ni mtoto wa wiki au miezi michache.

Sasa kwa nini uongo huu unaota mizizi huku kwetu kuliko Dar? Kwa sababu huku mnunuzi anaona kwa macho yake kwamba kobe hakui. Kobe hatengenezi joto la mwili, analipata kutoka nje. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,600, Njombe inakaribia 2,000. Ikifika Juni hadi Agosti, maji ya beseni lililoko sebuleni yanashuka chini ya nyuzi 18 bila shida, na usiku yanashuka zaidi. Kwenye nyuzi 26 mtoto wa kobe anakula kila siku na kuongezeka. Kwenye 20 hamu inapungua. Kwenye 15 karibu anaacha kula kabisa. Mwenye kobe anapima, anaona sentimita 4 mwezi wa tano na sentimita 4 mwezi wa tisa, anasema kumbe muuzaji alikuwa mkweli. Alichokiona ni mnyama aliyeganda.

Na nyuzi 10 hadi 18 ndipo pabaya zaidi. Kwao Marekani kobe huyu hulala majira ya baridi chini ya maji yenye nyuzi chache tu, mwili ukiwa umezimika karibu wote na tumbo tupu. Maji ya sebuleni kwetu ni baridi mno asiweze kusaga chakula wala kupambana na vijidudu, na ni ya joto mno asiweze kulala. Akilishwa mchana jua likiwaka, halafu usiku maji yakashuka hadi 13, chakula kinaozea tumboni. Wengi wanaokufa "ghafla" mwezi wa saba wanakufa hivyo au kwa nimonia.

Kuna pia imani kwamba ukimweka kwenye chombo kidogo atajikadiria akue kulingana na chombo. Chombo hakiuambii mwili chochote. Kinachotokea ni kwamba lita 3 za maji zinachafuka kwa amonia (sumu inayotokana na uchafu wake) ndani ya siku moja, zinapoa haraka, hakuna nafasi ya taa, na kobe anadumaa kwa ugonjwa na njaa. Atabaki mdogo kwa muda, ndiyo, na gamba lililopinda, kisha afe kabla ya miaka yake.

Kupima ukuaji: pima urefu wa gamba kwa mstari ulionyooka, usifuate mviringo wa mgongo. Mweke kobe mezani, sogeza ubao mmoja mbele na mwingine nyuma mpaka viguse gamba, mtoe, pima nafasi iliyobaki kwa rula. Andika kila tarehe mosi. Kama ana joto na chakula sahihi, mwaka wa kwanza anaweza kufika sentimita 5 hadi 8. Miezi mitatu bila badiliko lolote kwa mtoto ni dalili ya tatizo, anza na kipimajoto kabla hujagusa kitu kingine.

Wenye ujuzi karibuni mniongezee.

#2 Dada_Gangilonga (Iringa)

Asante mkuu kwa uzi. Naomba msaada. Kobe ana mwaka na nusu, gamba sentimita 4. Gamba la chini nikilibonyeza kwa kidole linabonyea, na kingo za gamba la juu zimeanza kujikunja kwenda juu. Chakula ni dagaa wakavu na mkate. Beseni la lita 5, karibu na dirisha ili apate jua. Macho hayajavimba. Bado anaweza kukua?

#3 Dkt_Mifugo_Njombe

Dada, pole. Ulichoeleza ni mifupa kukosa kalsiamu. Gamba ni mfupa, limeungana na uti wa mgongo na mbavu, kwa hiyo likiwa laini ujue na mifupa mingine ndani ni laini hivyo hivyo. Anaweza kupona na kuanza kukua. Umbo lililokwisha kupinda halinyooki, ila mfupa mpya utakaoongezeka utakuwa mgumu.

Chanzo ni vitu vitatu kwa pamoja na ukirekebisha kimoja pekee hutafanikiwa.

Kwanza jua la dirishani. Kioo kinapitisha mwanga na joto lakini kinazuia mionzi ya UVB, na bila UVB ngozi yake haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayompa inapita tumboni na kutoka. Mtoe nje jua lenyewe limpige, asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, dakika 30 hadi saa moja, siku nyingi kadiri hali ya hewa inavyoruhusu. Beseni liwe pana, maji kidogo, nusu yake iwe kivulini ili yeye mwenyewe achague. Usimweke juani ndani ya tangi la kioo au kibeseni kidogo kisicho na kivuli: lita mbili za maji kwenye jua la Iringa zinapanda haraka, na akipita nyuzi 40 anakufa. Funika na wavu. Kunguru anamchukua, na paka pia.

Pili joto. Usimpandishe ghafla kutoka 16 hadi 28. Ongeza nyuzi 2 kwa siku mpaka maji yafike 27 au 28, na usimlishe mpaka yapite 22.

Tatu chakula. Mkate acha leo, hauna anachohitaji na unachafua maji. Dagaa wakavu wenye chumvi waache pia. Kalsiamu kwenye mlo inatakiwa iwe kama mara mbili ya fosforasi. Nyama tupu ya steki ni kinyume kabisa, fosforasi inaizidi kalsiamu mara nyingi sana, ndiyo maana kobe wanaolishwa nyama tu "kwa sababu anaipenda" huharibika gamba haraka. Maganda ya mayai yachemshe dakika 10, yakaushe, yasage yawe unga laini kama wa dona, nyunyiza chakula mara tatu kwa wiki. Mfupa wa ngisi ukiupata Dar ni bora, uache uelee majini autafune mwenyewe. Ile chokaa ya kuku inayouzwa maduka ya pembejeo ni kalsiamu kaboneti, inafaa kwa kunyunyizia kidogo. Ukiuliza chokaa, hakikisha hupewi ya kujengea, hiyo inaunguza.

Ukimshika, mshike pande zote mbili za gamba bila kukaza. Akidondoka katika hali hiyo mifupa inavunjika.

Akianza kutetemeka miguu, kushindwa kujinyanyua au kuacha kula zaidi ya wiki moja akiwa na joto sahihi, anahitaji sindano ya kalsiamu kwa kipimo cha uzito wake, na hilo si la kujaribu nyumbani. Tafuta daktari wa mifugo, naye akihitaji ushauri wa wanyama watambaao, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro kuna ndaki ya tiba ya wanyama.

#4 Mama_Azola (Uyole)

Nimwongezee dada upande wa chakula, maana wengi hukwama hapo wakidhani lazima waagize chakula cha kopo. Cha kopo ni kizuri kikiwa cha kobe, lakini kisiwe peke yake.

Mtoto mlishe kila siku. Kipimo ni protini ya ukubwa wa kichwa chake, basi. Akifika sentimita 10 mpe protini siku moja aruke moja, akiwa mkubwa kila siku ya tatu, na majani kila siku. Wakiwa wadogo wanataka zaidi nyama, wakikua wanageukia majani, kwa hiyo usikate tamaa mtoto akiyakataa, endelea kumwekea.

Protini za kwetu: minyoo ya ardhini kutoka kwenye samadi iliyooza vizuri (si ya shamba lililopigwa dawa), konokono wadogo pamoja na magamba yao, samaki wadogo wazima na mifupa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanafaa, ila wachemshe dakika tano kwanza. Samaki kadhaa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na joto linakivunja. Ukimpa kila siku wabichi, baada ya miezi anaanza kulegea misuli.

Majani: azola, kile kijimea kidogo kinachoelea majini, ndiyo namba moja kwangu. Watu wa kuku huku Uyole wanaikuza kwenye mabwawa ya turubai, omba kiganja kimoja itazaana yenyewe. Majani ya maboga, chainizi, sukuma wiki kwa kupokezana. Mchicha na spinachi mara moja moja tu, vina asidi inayofunga kalsiamu isitumike. Karoti iliyokunwa kwa ajili ya vitamini A, na kipande cha ini cha ukubwa wa punje ya harage mara mbili kwa mwezi. Kobe akivimba macho mpaka hafungui, mara nyingi ni vitamini A imepungua, au maji machafu, au vyote. Msimpe matone ya vitamini ya binadamu kwa kukisia, ikizidi ngozi inachubuka yote.

Mlisheni kwenye beseni la pembeni lenye maji ya joto lile lile, dakika 15 hadi 20, kisha rudisheni tangini. Anakula akiwa ndani ya maji tu, hawezi kumeza nchi kavu kwa kuwa ulimi wake hausogezi chakula. Tangi litakaa safi mara mbili zaidi.

#5 Kaka_Mafinga

Shikamooni wakubwa. Mimi nataka vipimo vya tangi na hita. Mafinga hapa ni baridi kuliko mjini Iringa. Nyumba usiku inafika nyuzi 12.

#6 Fundi_Matangi (Mbeya)

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na maji.

Hesabu lita 40 kwa kila sentimita 2.5 za gamba. Mtoto wa sentimita 5 anahitaji lita 80, dume la 17 karibu lita 270, jike la 25 lita 400. Badala ya kununua tangi dogo na kubadilisha kila mwaka, chukua tanki la plastiki la lita 500, kata sehemu ya juu kwa msumeno, sugua kingo na msasa. Plastiki inashika joto kuliko kioo. Maji ya lita 400 yana kilo 400, kwa hiyo liwe juu ya sakafu ya saruji, usiliweke kwenye meza.

Kina: kwa mtoto anza na kina kinachozidi upana wa gamba lake, ili akipinduka aweze kujigeuza. Maji yakiwa haba kuliko hapo anabaki chali na kuzama, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka litokee. Baada ya wiki chache ongeza. Mkubwa kina kiwe mara mbili ya urefu wa gamba au zaidi. Chini usiweke kokoto ndogo, anazimeza na utumbo unaziba. Acha patupu au weka mawe ya mtoni makubwa kuliko kichwa chake.

Hita. Kanuni inayotajwa ya wati 1 kwa lita 1 ni ya nyumba yenye joto. Kupandisha lita 100 kwa nyuzi 1 kunahitaji uniti 0.116 za umeme. Kutoka 16 hadi 26 ni uniti 1.16, na hiyo ni kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Nyumba ikiwa na nyuzi 12 na maji unayataka 26, tofauti ni 14, na hita ya wati 100 kwenye lita 100 itawaka usiku kucha bila kufika. Hapo una njia mbili: wati 2 kwa lita, au kuzuia joto lisitoke. Anza na ya pili kwa kuwa bili ya umeme ni ya kila mwezi. Zungushia tangi pande zote na chini mabamba ya yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia samaki, unene wa sentimita 3 hadi 5. Juu funika theluthi mbili, acha sehemu ya taa na hewa. Maji hupoteza joto jingi zaidi kwa kufuka juu.

Weka hita mbili za nusu nusu badala ya moja kubwa. Moja ikifa, ya pili inazuia maji yasiporomoke. Moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kumchemsha kobe kabla hujaona. Hita ya kioo lazima ivalishwe bomba la plastiki lililotobolewa matundu mengi, maana kobe wa sentimita 15 anaipiga mpaka inapasuka, na hapo maji yote yana umeme. Kabla ya kubadilisha maji, chomoa na subiri dakika 15. Hita ikibaki hewani ikiwa imewaka inapasuka. Waya wa umeme uning'inie uwe na tumbo chini ya soketi ili matone yasitembee kufika kwenye soketi.

Sehemu ya kuota joto iwe kavu kabisa, apande mwili wote atoke majini, na gamba la chini likauke. Ubao mgumu au jiwe bapa linatosha. Tofali la saruji linakwaruza gamba na linabadilisha maji. Kagua nafasi zilizo chini ya jukwaa: ikiwa anaweza kuingiza kichwa na mabega halafu asirudi nyuma, atakwama na kuzama. Juu yake weka balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya inayotoa joto, umbali wa sentimita 25 hivi, halafu sogeza mpaka kipimajoto kilicholala jukwaani kisome 32 hadi 35. Balbu za LED hazifai hapo, hazitoi joto la maana wala UVB. Taa ya UVB ni nyingine, iwe pembeni ya ile ya joto, bila kioo wala plastiki katikati, umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Mwanga wake utaendelea kuonekana lakini UVB inaisha taratibu, ibadilishe baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka. Saa 10 hadi 12 kwa siku, usiku zote zizimwe.

Chujio. Kobe anachafua kuliko samaki, kwa hiyo chujio liwe la maji mara mbili au tatu ya yaliyomo tangini. Kwa sisi wa Mbeya tuna bahati ya mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe. Yana vitundu vingi, bakteria wanaobadili amonia wanapenda kukaa humo. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko: maji yanaingia chini, yanapita sponji ngumu, sponji laini, kisha mawe, yanatoka juu kurudi tangini. Pampu ya lita 1,000 hadi 1,500 kwa saa kwa tangi la lita 400. Mawe yavunje vipande vya sentimita 1 hadi 3, yasuuze mpaka maji yawe meupe, yachemshe nusu saa. Tatizo lake ni kwamba yanaelea: usipoyachemsha na kuyaloweka siku kadhaa yatapanda juu na kuziba tundu la kutokea. Yatie kwenye mfuko wa neti wa vitunguu, kandamiza na kisahani chenye matundu.

Chujio jipya halifanyi kazi siku ya kwanza. Bakteria wanachukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, kipindi hicho badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Baadaye robo kwa wiki. Sponji ioshe kwenye maji uliyotoa tangini. Ukiiosha bombani, klorini inaua bakteria wote na unaanza upya. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kutumia, na yawe na joto la tangi.

#7 Kaka_Mafinga

Nimeelewa. Na umeme ukikatika saa sita usiku?

#8 Fundi_Matangi (Mbeya)

Tangi kubwa lililozungushiwa linashuka polepole, saa kadhaa za giza si janga. Ndiyo sababu nyingine ya kuachana na kibeseni, chenyewe kinafuata joto la chumba ndani ya saa mbili tatu.

Ukikatika kwa muda mrefu, funika tangi na blanketi nzito ukiacha upenyo wa hewa, kisha tumia chupa za maji ya moto zinazoelea. Huku Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Changanya vikombe vitatu vya maji yaliyochemka na viwili vya bomba, utapata kama nyuzi 60, hapo chupa ya plastiki haijikunji. Chupa tatu za lita moja na nusu zitaongeza lita 100 kwa nyuzi moja na nusu. Rudia kila maji yakifika 20. Usimimine maji moto moja kwa moja.

Na jambo hili nalisema kwa uzito: msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha kwa ajili ya kobe. Hewa ya mkaa inaua watu waliolala. Hakuna mnyama anayestahili hilo.

Kesho yake usimlishe mpaka maji yakae juu ya 22 kwa siku nzima.

#9 Mwanajiolojia_Rungwe

Uzi mzuri sana. Swali la ubishi kidogo: mimi najua kuna aina za kobe ambao kweli ni wadogo. Tusiwaambie watu hakuna kabisa.

#10 Mlinzi_wa_Ruaha

Mkuu, wapo walio wadogo, ila hakuna anayebaki sentimita 3. Mdogo kuliko wote duniani ni kobe wa nchi kavu wa Afrika Kusini, Chersobius signatus. Dume lake lina sentimita 6 hadi 8, jike hukaribia 10. Kwa wa majini wanaofugwa, Sternotherus odoratus wa Marekani ya Kaskazini hukomea 8 hadi 13. Kwa hiyo mtu akikuuzia "mdogo wa kudumu", muulize jina la kisayansi na urefu wa mkubwa wake. Akishindwa, ameshajibu.

Kuna upande wa pili wa biashara hii unaotuhusu zaidi sisi. Watu wanaokota kobe wa porini wakiwa wachanga na kuwauza kwa maneno hayo hayo.

Yule mwenye madoadoa ya njano na meusi, wa maeneo makavu, ni Stigmochelys pardalis. Mtoto ana sentimita 5, mkubwa anaweza kufika 40 na kilo 10 na kuendelea. Huyu wala si wa majini. Nimeona picha humu za mtoto wake akiwa ndani ya beseni la maji. Atazama.

Kobe chapati, Malacochersus tornieri, ndiye anayeniuma. Anaishi kwenye nyufa za miamba ya maeneo makavu ya katikati ya nchi hadi upande wa Ruaha. Mkubwa wake ana sentimita 15 hadi 18, bapa, na gamba lake kwa asili ni laini linabonyea, analitumia kujipenyeza kwenye ufa. Kwa kuwa ni mdogo na mwepesi, wachuuzi wanamwita "kobe asiyekua". Hutaga yai moja kwa kawaida kila anapotaga, kwa hiyo mwamba ukikombwa mara moja hauzalishi tena kwa miaka mingi. Na wanaowatafuta huvunja miamba kwa mitalimbo, ufa ukishavunjwa hakuna kobe mwingine atakayehamia. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulimpandisha Kiambatisho cha I, yaani biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa.

Kumiliki mnyamapori yeyote wa Tanzania bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, hata kama ni mdogo kama kiberiti na umemnunua kwa nia njema. Ukiletewa, usinunue "ili kumwokoa", maana kesho ataleta watatu. Toa taarifa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Kuwatofautisha wa majini: wa kwetu wa mabwawa ya Usangu na Kyela, jamii ya Pelomedusa na Pelusios, wanaficha kichwa kwa kukunja shingo upande chini ya ukingo wa gamba. Yule mwenye alama nyekundu anairudisha shingo moja kwa moja ndani.

#11 Mama_Azola (Uyole)

Niseme la watoto, maana ndio wanaonunuliwa hawa kobe.

Kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuumwa. Marekani walipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, na sababu ilikuwa hiyo: watoto waliwashika wadogo hawa, wakawaweka mdomoni, wakaharisha vibaya. Hiyo inchi 4 haikuchaguliwa kwa sababu mkubwa habebi vijidudu. Mkubwa haingii mdomoni mwa mtoto.

Kwa hiyo mikono na sabuni kila baada ya kumgusa au kugusa maji yake. Ndoo, sponji na beseni lake visiingie jikoni. Maji machafu yamwagwe chooni au kwenye migomba, kamwe si kwenye karo la vyombo wala bustani ya mboga zinazoliwa mbichi. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu, shauri langu ni msimfuge. Kumpa kobe dawa ya kuua vijidudu "ili awe safi" hakusaidii, wanarudi, na wanarudi wakiwa sugu.

#12 Dkt_Mifugo_Njombe

Mama amesema kweli. Na kwa kuwa tumegusa dawa: IVERMEKTINI INAUA KOBE. Ipo kila duka la pembejeo kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na mbwa, na muuzaji wa dukani akisikia "minyoo" atakupa hiyo. Kwa kobe wa aina zote inapooza misuli, ikiwemo ya kupumua. Usiichome, usiinyweshe, usiitie majini.

Dalili za kuangalia kila siku akiwa anaogelea: akielea ameinama upande mmoja, au anashindwa kuzama, au anatoa mapovu puani na kufungua mdomo kupumua, hiyo ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo. Pandisha maji taratibu hadi 28 au 29, sehemu ya kuota joto isizimike mchana, na umtafute daktari siku hiyo hiyo. Anahitaji antibayotiki ya sindano. Unga wa dawa ya kuku unaotiwa majini haumfikii mapafuni kwa kiwango cha kutibu.

Madoa meupe laini yenye harufu kwenye gamba ni kuoza. Mtoe akae pakavu penye joto saa kadhaa kwa siku, safisha na mswaki laini na povidoni-ayodini (dawa ya kusafishia vidonda) iliyochanganywa na maji iwe rangi ya chai hafifu, suuza, rudisha majini akanywe na kula. Ila vipande vyembamba vinavyong'oka safi kama karatasi ni kukua kwa kawaida, viache vitoke vyenyewe. Gamba lisipakwe mafuta ya nazi, rangi wala vanishi.

#13 Dada_Gangilonga (Iringa)

Nawashukuru sana wote. Nimeelewa pia kwamba lita 400 siziwezi kwa chumba ninachoishi. Kuna mtu ameniambia nimwachie Mto Ruaha Mdogo atajitafutia.

#14 Mlinzi_wa_Ruaha

Dada yangu, tafadhali usifanye hivyo. Aina hii imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Umoja wa Ulaya ulizuia kuiingiza tangu 1997, baada ya watu kuwamwaga mitoni walipokua. Kwenye maji baridi ya Mafinga huenda akafa vibaya. Lakini maji yote ya huku yanateremka: Usangu, Mtera, na upande wa pili Kyela na Ziwa Nyasa, ambako kuna joto la kuzaliana. Huko atagombania chakula na mahali pa kuota jua na kobe wetu, na atawapelekea magonjwa wasiyoyajua. Jike likifika ukubwa linataga mayai mengi kwa mwaka.

Mtafutie mtu wa maeneo ya joto mwenye bwawa lililofungwa: ukuta wa sentimita 50 juu ya maji wenye ukingo uliokunjwa kwa ndani, maana wanapanda. Kama utapata wa Kyela au Ifakara, hata hita hahitaji. Ila mwache kwanza apone gamba, kama daktari alivyosema.

#15 Fundi_Matangi (Mbeya)

Na siku ya kumsafirisha usimtie kwenye ndoo ya maji. Basi likiyumba anagongwa na kumeza maji, na maji yakipoa anapoa nayo. Acha kumlisha siku mbili kabla. Chukua boksi jeupe la samaki, toboa matundu manne ya kalamu ubavuni, tandika kitambaa cha pamba kilicholowanishwa na kukamuliwa, mfunike na kingine. Pembeni chupa moja ya nusu lita ya maji ya nyuzi 40 iliyofungwa kwenye taulo, isimguse. Boksi likae ndani na abiria, si kwenye buti, hasa kipande cha Mafinga hadi Makambako usiku. Panda basi la asubuhi. Akifika, mweke kwenye maji haba yenye joto lile lile la boksi, ongeza nyuzi 2 kwa siku, na chakula kianze siku ya tatu.